Walimu wa uandishi wa kisheria, tukutane na kurasa za wanafunzi wetu mezani

KalamuYaMoro (mleta uzi)

Wadau wa sheria, salaam.

Nafundisha uandishi wa kisheria chuo kikuu, huu ni mwaka wa 9. Mwezi uliopita walimu 11 tulikutana Morogoro kwa siku mbili. Walitoka Dar, Mwanza, Arusha, Zanzibar, na mmoja alilala kwenye basi kutoka Nairobi. Mgeni rasmi hakuwepo, posho haikuwepo. Tulikodi chumba chenye meza moja ndefu, tukachangia chai na vitumbua, na sharti la kuingia lilikuwa moja: uje na ukurasa mmoja ulioandikwa na mwanafunzi wako kwa Kiswahili, jina limefutwa.

Makongamano nimehudhuria mengi. Mtu anasimama na slaidi 40, anasoma, mwenyekiti anasema muda umekwisha, tunapiga picha ya pamoja, tunakwenda kula. Sijawahi kutoka huko nikabadilisha hata zoezi moja darasani. Morogoro nilitoka na mazoezi manne mapya. Ndiyo maana naandika hapa: nataka jambo hili tulifanye kwa kanda nzima, Tanzania, Kenya, Uganda, na wenzetu wa Rwanda, Burundi na Kongo wanaofundisha watu watakaokuja kuandika sheria kwa Kiswahili.

Niwaonyeshe kilichotokea. Ukurasa wa kwanza kusomwa ulikuwa wa mwanafunzi wangu, hati ya madai ya kujifunzia. Aya ya tatu ilisomeka hivi:

"Mdai alimweleza mdaiwa kwamba pikipiki yake imeshikiliwa na polisi, akamtaka alipe faini yake kabla ya kuichukua."

Nilikuwa nimeshaipa alama 7 kati ya 10. Mwenzetu wa Mwanza akasema, kabla hatujajadili, kila mtu aandike kwenye kikaratasi: pikipiki ni ya nani, faini ni ya nani, na nani aende kuichukua. Tukaandika. Tulipokusanya vikaratasi, kwenye swali la pikipiki peke yake tuligawanyika 6 kwa 5. Walimu wa sheria 11, sentensi moja, pikipiki ina wenye wawili. Mimi niliyekuwa nimeshasahihisha kazi hiyo niliangukia upande usiokuwa sahihi, kwa sababu nilipomuuliza mwanafunzi baadaye aliniambia pikipiki ilikuwa ya mdaiwa.

Tukakaa na sentensi ile karibu saa nzima. Ukiandika Kiingereza, na mdai ni mwanamke na mdaiwa ni kampuni, viwakilishi vyenyewe vinawatenganisha. Kwetu "yake" inambeba mwanamke, mwanamume na kampuni kwa pamoja, na "a-" na "-m-" ndani ya kitenzi zinabadilishana watu bila kuaga. Kwenye mazungumzo hatupati shida, macho na sauti vinasaidia. Kwenye hati ya madai hakuna macho. Basi tukaiandika upya:

"Polisi waliishikilia pikipiki ya mdaiwa. Mdai alimweleza mdaiwa habari hiyo na kumtaka mdaiwa alipe faini ya pikipiki hiyo, kisha mdaiwa mwenyewe aichukue."

Neno "mdaiwa" limerudi mara nne. Mwalimu wa insha wa sekondari angelikata. Mwalimu wa uandishi wa kisheria analipigia tiki.

Halafu yule mama wa Zanzibar akatuonyesha upande wa pili, na hapa nilifurahi sana. Akaandika ubaoni mistari miwili:

"Mkataba wa nyumba uliosajiliwa."
"Mkataba wa nyumba iliyosajiliwa."

Herufi chache tu zimebadilika, na tayari unajua kilichosajiliwa ni mkataba au ni nyumba. Ngeli imefanya kazi ambayo Kiingereza kingehitaji kupanga upya sentensi nzima. Akasema, "Lugha hii ina mahali pa kuteleza na ina mahali pa kushika. Sisi tunafundisha kwa vitabu vya lugha nyingine, kwa hiyo hatujui kokote." Nimelibeba neno hilo mpaka leo.

Mnajua kwa nini jambo hili haliwezi kusubiri. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Kabla ya hapo kifungu cha 84 kiliruhusu sheria ziwe kwa Kiingereza au Kiswahili au vyote viwili. Sasa lugha ya sheria ni Kiswahili, na lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vya utoaji haki ni Kiswahili. Kiingereza kimebakizwa pale maslahi ya haki yanapokihitaji, na hapo tafsiri ya Kiswahili inatakiwa. Februari mwaka huohuo, Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akitaja kwamba jaji huyo akiwa Mahakama Kuu Musoma aliandika uamuzi wake kwa Kiswahili.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nani anamfundisha mwalimu. Kozi hii nilikabidhiwa nikiwa mkufunzi msaidizi mpya, nikapewa muhtasari wa kozi na orodha ya vitabu, vyote vya Kiingereza, na swali la Kiswahili nililikuta darasani peke yangu. Najua wengi wenu ni hivyohivyo.

Naomba mawazo. Na kama wewe ni mwalimu, wakili, hakimu, karani au mwanafunzi, weka hapa sentensi moja iliyowahi kukusumbua.

---

MzeeWaBaraza

Mwalimu, salaam. Mimi ni hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Nimeusoma uzi wako mara mbili na nina la kukuambia kwa upendo.

Unazungumza kama vile Kiswahili kimeingia mahakamani mwaka 2021. Mahakama za mwanzo zimeandika Kiswahili miaka yote. Sisi ndio tulioandika hukumu za talaka, mirathi, mifugo iliyolisha shamba la mtu, wizi wa kuku, mipaka ya viwanja, kwa mkono, kwenye daftari, kwa Kiswahili. Kilichokuwa kikituumiza ni kwamba rufaa ikipanda mahakama ya wilaya, sheria ilitaka hukumu ya huko iandikwe kwa Kiingereza. Mtu alishindwa kesi ya ng'ombe wake kwa karatasi asiyoweza kuisoma, anarudi kwangu kuniomba nimweleze. Nimewasomea watu hukumu zilizotengua hukumu zangu mwenyewe.

Nilivyokuwa nikifanya kazi ni hivi. Nikimaliza kuandika rasimu, nawasomea wazee wa baraza waliokaa nami kwenye shauri, kwa sauti, taratibu. Sikuwauliza kama wanakubaliana na lugha. Nilisubiri tu mzee aseme, "Huyo nani?" Akisema "huyo nani" naweka alama ya msalaba pembeni. Hukumu ya kurasa tatu ilikuwa inaweza kupata misalaba 8 au 10 mwanzoni mwa kazi yangu. Miaka ya mwisho ilikuwa mmoja, pengine hakuna.

Na hukumu yenyewe mpangilio wake haukuwa fumbo. Shauri linahusu nini, mabishano yako wapi, mahakama inaamua nini, kwa sababu gani. Ndivyo hata Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inavyotaka kwa mahakama za juu. Ukiyaandika kwa Kiswahili cha watu, mshindwa anaondoka amekasirika lakini ameelewa.

Kwa hiyo mkikutana tena, msikutane maprofesa watupu. Waiteni mahakimu wa mahakama za mwanzo. Nendeni mkaombe ruhusa msome majalada ya zamani. Kuna Kiswahili cha sheria kimelala mle ndani.

---

Wakili_Lakezone

Nakazia kwa Mzee. Majalada yale ni shule.

---

KalamuYaMoro

Mzee wangu, shikamoo. Umenirekebisha na nimekubali. Hiyo "huyo nani" naichukua kesho asubuhi naingia nayo darasani: mwanafunzi mmoja anasoma, wenzake wanaruhusiwa kusema maneno hayo mawili tu. Naomba ukubali tukualike.

---

NguzoYaHoja

Mleta uzi nakuheshimu, ila niseme ninachokiona kutoka kwenye meza ya wakili wa kesi za biashara. Kitivo cha Sheria Dar es Salaam kilifunguliwa 1961 na tangu hapo mpaka leo mafunzo ni Kiingereza. Maamuzi ya Mahakama ya Rufani tunayoyategemea, miaka na miaka ya maamuzi, ni Kiingereza. Sheria ya mikataba, ya ushahidi, ya makampuni, mwanasheria wa leo amezisoma kwa Kiingereza. Mteja wangu mwekezaji anataka mkataba wa Kiingereza. Sasa ninapoandika hoja za maandishi kwa Kiswahili, nusu ya ukurasa ni nukuu za Kiingereza, nusu ni maneno ambayo nimeyatunga mwenyewe usiku huo. Mpinzani wangu ametunga yake. Jaji ana ya kwake. Hapo haki iko wapi?

Sipingi Kiswahili. Nasema tumeruka hatua.

---

KalamuYaMoro

Wakili msomi, hoja yako ilikuwepo mezani Morogoro, na iliwekwa na mtu anayefanya kazi kama yako. Nitakujibu kwa tuliyoyafanya.

Tulichukua ukurasa wa hoja za maandishi za mwanafunzi wa mwaka wa nne. Ulianza hivi: "Ni wasilisho letu la unyenyekevu kwamba mahakama hii tukufu ina nguvu za kuburudisha maombi haya." Nilipousoma kwa sauti chumba kilinyamaza. Kila mmoja wetu alikisikia Kiingereza chini ya maneno yale, "humble submission" na "entertain". Mahakama haiburudishi maombi, inayasikiliza. Wasilisho halinyenyekei. Kijana huyo hakutunga kwa ujinga. Ametafsiri kwa bidii kile tulichomfundisha kukariri. Tukauliza: hakimu akikuuliza ana kwa ana, utasemaje? Jibu likaja: "Mahakama hii ina mamlaka ya kusikiliza maombi haya, kwa sababu mbili." Sentensi imepungua, na sasa inamlazimu mwandishi azitaje hizo sababu mbili. Ile ndefu ilikuwa inamficha.

Kuhusu nukuu za Kiingereza, hilo ni fundisho la kuwekewa somo zima. Jina la kesi libaki lilivyo. Kanuni iliyowekwa na kesi ieleze kwa Kiswahili chako, kwa sentensi moja au mbili, kabla ya nukuu. Kama maneno yenyewe ya jaji ndiyo yanayobishaniwa, yanukuu kwa lugha yake, kisha weka tafsiri na useme tafsiri ni yako, ili mpinzani aweze kuipinga. Kosa kubwa tuliloliona ni mwanafunzi kutafsiri kimyakimya na kuweka alama za nukuu, kana kwamba jaji alisema Kiswahili. Huko ni kumlisha jaji maneno.

Na hapo kwenye maneno ya kutunga usiku, ndipo ninapokuunga mkono kabisa. Mtu mmoja akitunga peke yake ni vurugu. Ndiyo sababu tukutane. Kwa kuanzia, kila hati ya wanafunzi wetu iwe na aya ya tafsiri ya maneno pale neno linapotumika kwa mara ya kwanza, kama mkataba unavyofanya, na mwandishi asibadilishe neno katikati ya safari. Mtu aliyeanza na "mpangaji" asije akamwita "mkodishwaji" ukurasa wa nne eti anakwepa kurudia.

---

Nyakio_254

Hamjambo wenzangu. Ni mimi niliyelala kwenye basi.

Niseme hali ya kwetu Kenya, kwa sababu inafaa mkutano ujao uijue. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Jinai inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katika Kenya School of Law uandishi wa kisheria ni somo linalojitegemea kwa wanaotaka uwakili, nalo hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo wakili wetu humhoji shahidi kwa Kiswahili asubuhi, hakimu anaandika kwa Kiingereza, na jioni wakili anaandika hoja kwa Kiingereza juu ya maneno yaliyosemwa kwa Kiswahili. Maana hupotea njiani na hakuna anayejua ilipoangukia.

Mfano ambao nilikuja nao Morogoro ulikuwa wa sentensi fupi mno. Shahidi alisema, "Mashahidi wote hawakufika kwenye mkutano wa chifu." Mwanafunzi mmoja akaandika kwamba hakuna aliyefika. Wa pili akaandika kwamba baadhi hawakufika. Wote wawili wanaongea Kiswahili tangu utotoni. Tulijadiliana hadi chai ikapoa, na tukakubaliana kwamba katika hati "wote" isikae karibu na kikanushi hata siku moja. Ama "hakuna shahidi hata mmoja aliyefika", ama "si mashahidi wote waliofika", na bora zaidi utaje idadi: "kati ya mashahidi 5, walifika 2".

La pili ni istilahi. Mimi nasema mlalamishi, nyinyi mwasema mlalamikaji au mdai. Sisi mshukiwa, nyinyi mtuhumiwa. Sisi kiongozi wa mashtaka, nyinyi mwendesha mashtaka. Tukiwa na soko moja na Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha, hati zetu zitavuka mpaka. Sitaki tuanze kwa kugombania neno la nani lishinde. Nataka orodha inayoonyesha kwamba neno hili na lile ni kitu kimoja, au kwamba hayafanani kabisa ingawa yanaonekana hivyo.

Na tusisahau kwamba kukutana kwenyewe si jambo geni. Mwaka 2007 hapa Nairobi ulifanyika mkutano wa walimu wa uandishi wa kisheria wa Afrika, wakishirikiana na Wamarekani wa Legal Writing Institute. Taasisi yao hiyo ilianza 1984, na mkutano wao mkuu hufanyika kila miaka miwili; katikati, vyuo vya kanda moja huandaa mikutano yao midogo, chuo mwenyeji kinafungua madarasa yake na wageni wanakuja na kazi zao. Huko masharti ya kutambuliwa kwa vyuo vya sheria yanataka kila mwanafunzi apitie kazi ya uandishi chini ya mwalimu mwaka wa kwanza, na nyingine baadaye. Walimu wao wana mahali pa kuulizana. Mimi mahali pangu pa kuulizana pamekuwa ni simu ya mwalimu mmoja wa Morogoro saa nne usiku.

---

MtotoWaSheria

Shikamooni walimu, shikamoo Mzee.

Mimi niko mwaka wa tatu. Mwaka jana nilienda mazoezi ya vitendo katika mahakama moja, hakimu akaniambia, andika muhtasari wa shauri hili kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nilikaa siku nzima. Nilikuwa nafikiri kwa Kiingereza cha darasani na kutafsiri, na kila nikisoma nahisi si mimi niliyeandika. Nyumbani kwetu Kiswahili ndicho tunachoongea tangu nizaliwe. Niliona aibu.

Tena tunaogopa. Tunasikia habari za mwaka 2022 za Shule ya Sheria, sapu (kurudia masomo) na disko (kuondolewa). Mtu anajiuliza kama kikwazo ni sheria au ni kuandika.

---

KalamuYaMoro

Kijana wangu, marahaba. Aibu hiyo si yako. Hakuna aliyekupa nafasi ya kuandika kwa lugha unayoifikiria, halafu siku ya kwanza ukadaiwa.

Kwa mwaka 2022 uliousikia: matokeo ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo yaliyotangazwa Oktoba yalikuwa wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, walioondolewa 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Yalisemwa mengi, kila mtu akimnyooshea mwenzake kidole. Mimi sitaki kuzitumia namba zile kumchapa mtu. Nilichokiona mwenyewe, kwa wanafunzi wangu, ni hiki: wengi wanaijua sheria. Ukiwauliza kwa mdomo wanakujibu vizuri, swali ni nini, sheria inasemaje, ukweli wa shauri unaingiaje, kwa hiyo nini. Wape karatasi, wanaanza na historia ya sheria tangu ukoloni, ukweli wa shauri wanauleta mwishoni mistari miwili, na jibu halionekani.

Zoezi tulilolipata Morogoro, lijaribu nyumbani. Mpigie mtu asiyesoma sheria, mama yako au kaka yako, mweleze shauri kwa dakika mbili, huku simu ikirekodi. Kisha sikiliza na uandike ulichosema kama kilivyo. Hapo ndipo pa kuanzia, unatoa porojo, unaweka majina mahali pa "yule" na "yake", unaongeza kifungu cha sheria. Utashangaa jinsi mpangilio ulivyokuwa sawa tangu mwanzo.

---

Mhadhiri_Ziwani

Mwalimu, nakuja kwenye jambo ambalo wengi tunaliogopa kulisema. Kupanda cheo chuoni kunahesabiwa kwa machapisho. Mkutano usio na makala ya kuwasilisha hauna pointi. Nikimwomba mkuu wangu wa idara ruhusa ya kwenda kukaa mezani na ukurasa wa mwanafunzi, ataniuliza mada yangu inaitwaje. Na nauli nitatoa mfukoni. Kazi hii ya kusahihisha uandishi tayari inakula usiku wetu: wanafunzi 180, rasimu mbili kila mmoja, mwalimu mmoja.

---

KalamuYaMoro

Mhadhiri, umegusa kidonda. 180 mara mbili ni rasimu 360, na mwenzako wa sheria ya mikataba anasahihisha mtihani mmoja tu. Sina dawa ya mfumo wa kupandisha vyeo.

Nilichofikiria ni kwamba kurasa tunazozijadili zisiishie mezani. Kila ukurasa utoke na maelezo ya mwalimu aliyeuleta: ulikosea wapi, tulibishana nini, tuliuandikaje upya, darasa lilifanyaje baadaye. Kurasa 30 za namna hiyo zikihaririwa na kupitiwa na wasomi wengine ni chapisho halali, na ni chapisho ambalo mwalimu wa Kampala au Bujumbura atalitumia Jumatatu. Muundo wa siku utabaki uleule, kusoma na kuandika upya. Makala yazaliwe baada ya mkutano.

Nauli ni kweli. Morogoro tumeichagua kwa sababu ya treni na mabasi, na hosteli za vyuo zikiwa likizo ni nafuu. Nyakio na wenzake wanasema mwaka unaofuata Mombasa iwezekane. Kila chuo kikiandaa mara moja na kuachia kingine, hakuna atakayelemewa.

Tena kuna kipengele hatukukimaliza na nakitaka kipewe nusu siku: wajibu na hiari kwenye mikataba na kanuni. "Mpangaji atalipa kodi tarehe 5" wote tunasoma ni wajibu. "Mpangaji ataondoka baada ya miezi 6", ni wajibu, au mwandishi anatabiri tu? Kuna waliotaka "atapaswa", wengine "ni lazima", Zanzibar wakapendekeza "itampasa". Na "anaweza" je: ana hiari, au ana uwezo? Kanuni ya Kiingereza kuhusu "shall" (wajibu) na "may" (hiari) imeandikwa ndani ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria yenyewe. Ya Kiswahili inatakiwa iwe wazi kiasi hichohicho darasani.

---

NguzoYaHoja

Kwenye hilo la "ataondoka" nina mkataba halisi uliozaa kesi. Nitafuta majina niulete. Nihesabuni.

---

MzeeWaBaraza

Nami nitakuja, Mungu akipenda. Nina madaftari yangu mawili ya rasimu, yale yenye misalaba. Hayana siri za watu, majina niliyafupisha tangu wakati ule. Kijana MtotoWaSheria, marahaba. Ule muhtasari uliokukalisha siku nzima bado unao? Weka hapa sentensi moja, usione aibu.

---

MtotoWaSheria

Ninao Mzee. Ni wa shauri la kodi ya nyumba:

"Mdaiwa alimkabidhi mdai ufunguo wake baada ya kumlipa deni lake na wote hawakuwa na madai."

Nimeona mwenyewe makosa mawili baada ya kusoma uzi huu. Nimeandika upya:

"Mdaiwa, aliyekuwa mpangaji, alimlipa mdai deni la kodi la miezi miwili. Siku hiyohiyo alimkabidhi ufunguo wa chumba. Hakuna upande uliobaki na madai dhidi ya mwenzake."

---

MzeeWaBaraza

Vizuri sana. Ya tatu imesimama. Rudi kwenye ya pili, isome peke yake kwa sauti kama mtu aliyefungua jalada katikati. "Alimkabidhi." Huyo nani, na nani?

---

MtotoWaSheria

Dah, kweli Mzee. Mdaiwa alimkabidhi mdai. Naandika tena.